Ziwa linafungika, joto halifungiki

(Hii ni hotuba niliyoitoa Kigoma mbele ya wavuvi, wachuuzi, walimu na madiwani. Wengi mmenipigia simu mnasema hamkufika, wengine mlikuwa ziwani, wengine msibani, basi nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, na hata siku yenyewe umeme ulikatika dakika ya tano tukabaki na mdomo tu.)

Mheshimiwa diwani, wazee wangu wa mwalo, shikamooni. Mama zangu wa dagaa, shikamooni pia, na nyie ndio nawaogopa zaidi humu ndani maana nikikosea bei ya gunia mtanizomea mpaka nishuke. Walimu, maafisa uvuvi, vijana wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, wanafunzi, habari za asubuhi.

Nimepewa mada inaitwa "mchango wa utafiti wa kisayansi katika hatua za taifa za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi". Mada ndefu kama treni ya kwenda Dar. Mimi nitaifupisha iwe swali moja ambalo nyie wenyewe mmekuwa mkiulizana kijiweni: nani aliiambia serikali ifunge Ziwa Tanganyika mwaka 2024, tukae miezi mitatu bila kuvua, na huyo mtu alijuaje?

Nianze kwa kusema mimi si profesa. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara, kazi yangu miaka yote ilikuwa kubeba ndoo, kushusha kamba majini, na kuandika namba. Maprofesa wanakuja wanaondoka na ndege, daftari linabaki na mimi. Kwa hiyo leo msitegemee maneno makubwa, nitawaambia nilichokishika kwa mikono.

Cha kwanza nilichokishika ni hii sahani hapa. Naomba aliyekaa mbele aishike, mzee wangu ishike tu haina madhara. Ni bati la duara, ukubwa wa sahani ya wali, robo mbili nyeusi robo mbili nyeupe, katikati pana tundu la kamba, na kamba ina fundo kila mita. Unakaa upande wa kivuli wa mtumbwi, unaishusha polepole huku unaiangalia, inakuwa ndogo, inakuwa kijani, inakuwa kama kivuli cha kitu, halafu haipo. Hapo unahesabu fundo. Unaivuta kidogo mpaka ionekane tena, unahesabu tena, unachukua katikati. Basi, sayansi yenyewe ndo hiyo. Ikipotea mapema maana yake maji yana uji mwingi wa vijimea vya kijani ambavyo ndio chakula cha vidudu ambavyo ndio chakula cha dagaa. Ikishuka sana unaiona tu, maji masafi, wageni wanapiga picha wanasema ziwa zuri. Zuri kwa nani? Maji masafi kupita kiasi ni sahani tupu!

Sasa kuna Mbelgiji mmoja, daktari, anaitwa Louis Stappers, alizunguka ziwa hili kati ya mwaka 1911 na 1913. Fikirieni, reli ilikuwa haijafika Kigoma, meli ya Liemba haijaingia ziwani, hapa wapo Wajerumani. Huyu bwana akawa anapima joto la maji, juu na chini, anaandika. Hakuwa anajua kitu kinachoitwa mabadiliko ya tabianchi, hilo neno halikuwepo, yeye alipima tu. Na nyie mnamjua bila kujua mnamjua, maana mgebuka wenu jina lake la kitaalamu ni Lates stappersii, amepewa jina la huyo daktari. Kila ukikaanga mgebuka unamkaanga yeye.

Miaka tisini ikapita. Mwaka 2003 watafiti, kundi moja la Piet Verburg na lingine la Catherine O'Reilly, wakachukua namba za zamani zile wakaziweka pembeni ya namba mpya. Ziwa limepata joto. Huko chini ni sehemu ndogo tu ya digrii moja, ndugu zangu, hata ukiweka mkono huwezi kujua. Lakini sikilizeni kilichotokea.

Mama akikutilia sukari kwenye chai asikoroge, sukari inakaa wapi? Chini. Unakunywa chai chungu mpaka unafika mwisho ndo unakutana na sukari yote. Ziwa letu ni hivyo hivyo, lina kina cha zaidi ya mita 1,400, kila kinachokufa kinazama kinakuwa mbolea huko chini ambako hakuna hewa na hakuna samaki. Ile mbolea haina kazi mpaka ipande juu kwenye mwanga. Kijiko cha kukorogea ni nini? Ni upepo wa kusi. Wazee mnaujua, unaanza Mei, unapiga mpaka mwezi wa tisa, mnaulaani kwa sababu unapindua mitumbwi, na huo mnaoulaani ndo unaowalisha. Sasa maji ya juu yakipata joto zaidi ya ya chini yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale mazito kama mafuta juu ya mchuzi, na kijiko kinapita juu juu. Halafu hata kusi wenyewe wakaona umepungua nguvu. Kundi la O'Reilly wakakadiria uzalishaji wa ule uji wa kijani umeshuka kama asilimia 20, na samaki wanaoweza kupatikana wakashuka kama asilimia 30.

Asilimia 30! Kati ya beseni kumi toa tatu, na hujamlaumu mvuvi yeyote bado.

Watu wa uvuvi wakapinga. Wakasema hapana, ziwa limeisha kwa sababu watu ni wengi, makokoro ni mengi, taa za kuvulia usiku ni nyingi, msisingizie joto. Na walikuwa na hoja, kwani uongo? Humu ndani nani hajaona kokoro linavuta mpaka vifaranga? Sitaki kuona mikono, tutafukuzana. Kwa hiyo kukawa na mabishano ya miaka, na mimi nawaambia mabishano ya watafiti si kama ya kijiweni kwamba anayepaza sauti ndo anashinda, pale mtu anaambiwa nenda kalete kipimo.

Wakaenda wakaleta tope. Kundi la Andrew Cohen walichoma mabomba kwenye sakafu ya ziwa wakatoa tope lililolala tabaka kwa tabaka, la juu la juzi, la chini la mababu. Wakakaa na darubini wanahesabu mifupa na meno ya samaki tabaka moja baada ya jingine. Kazi ya kuua macho ile. Mwaka 2016 wakatoa majibu: mabaki ya samaki yalianza kupungua tangu karne ya 19, ziwa lilipoanza kupata joto, kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Kwa hiyo joto lipo. Na hawakusema uvuvi hauna kosa, sikilizeni vizuri hapa maana watu hukata maneno wanayoyapenda, walisema samaki wana mizigo miwili kichwani, mmoja wa joto, mwingine wetu.

Sasa mwaka 2024 ziwa likafungwa, upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, baada ya nchi nne kukubaliana, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu. Najua mlivyoteseka, nina shemeji yangu alikuwa anauza mitungi ya ndani. Watu wakasema mbona mnatuadhibu sisi wakati wenye viwanda vya moshi wako huko kwao? Swali zuri sana na mimi siwezi kulijibu kwa mzaha.

Jibu langu ni hili. Ziwa linafungika, joto halifungiki. Dodoma haina swichi ya kuzima jua. Wala Bujumbura, wala Kinshasa, wala Lusaka. Katika ile mizigo miwili, mmoja uko mikononi mwetu na mwingine uko mikononi mwa dunia nzima, basi serikali ikapunguza ule inaoufikia, na ikachagua miezi ambayo kusi linakoroga, dagaa apate kula na kuzaa kabla hajakutana na taa yako. Je, ni haki? Kwa maoni yangu mimi, nusu. Sayansi ilisema dagaa wapumzike, haikusema mvuvi alale njaa, hiyo ya pili ni kazi ya siasa na bajeti, na pale ndo palipopwaya. Mheshimiwa diwani nakuangalia wewe. Vizimba vya kufugia samaki ni jambo jema lakini kizimba hakijengwi kwa wiki moja na mtu mwenye mtumbwi wa mkopo.

(Hapa walipiga makofi muda kidogo, nikanywa maji.)

Sasa niwape aibu yangu, maana nimesema ya wengine.

Nikiwa kijana, kabla ya maabara, niliajiriwa kuhesabu mapato kwenye mwalo mmoja, siutaji. Kazi: alfajiri unasimama, mitumbwi inaingia, unachagua kadhaa, unauliza ametumia nyavu gani, taa ngapi, amepata beseni ngapi, unapima moja kwa mzani, unaandika. Wiki moja nikashikwa na malaria. Wiki iliyofuata nilikuwa mzima ila kulikuwa na baridi na kulikuwa na, tuseme, mambo ya ujana. Nikachukua fomu ya nyuma nikanakili. Namba zilezile, nikabadilisha tarehe tu, nikasaini vizuri kabisa na kalamu ya bluu. Nani atajua?

Miaka mingi baadaye anakuja binti mmoja mwanafunzi, mpole, ana kompyuta, ameingiza fomu zote za zamani. Ananiambia, "Baba, samahani, hizi wiki tatu zinafanana mpaka desimali, ilikuwaje?" Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwambia ukweli. Hakunicheka, akaweka kistari kwenye zile safu mbili, akaandika "hakuna takwimu", akaendelea. Kistari, si sifuri. Akanifafanulia taratibu kama anamfundisha mtoto, kwamba sifuri maana yake tulikwenda tukapima tukakosa, kistari maana yake hatukwenda, na mtu anayepanga mipango ya nchi akichanganya hivyo viwili anaweza kufunga ziwa lenye samaki au akaacha wazi ziwa lililokufa. Mimi fundi sanifu mwenye cheti, nimefundishwa sifuri na binti wa miaka ishirini na tatu.

Ndo maana nawaambia vijana wa BMU, mkiulizwa mmepata nini semeni mlichopata. Najua mnaogopa ushuru. Lakini ukipunguza beseni kwenye fomu, miaka kumi mbele mtu atakuja na hiyo fomu yako aseme ziwa limeisha, funga miezi sita. Utamlaumu nani?

Twende Kilimanjaro kidogo, sitakaa sana maana ni mbali na kuna baridi. Mwaka 2000 Mmarekani Lonnie Thompson na wenzake walipanda wakachimba barafu, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba tangu 1912 barafu ya kule imepungua kama asilimia 80, na kwa mwendo ule itaisha kati ya 2015 na 2020. Dunia nzima ikapiga kelele. Haya, 2020 imepita. Barafu ipo? Ipo, vipande vipande, inaendelea kusinyaa, lakini ipo. Basi kuna watu wakapata la kusema, mmeona, wanasayansi waongo.

Hapana. Kupungua kunaendelea vilevile, tarehe ndo iliyokosewa. Na cha maana zaidi wakati magazeti yanalia barafu, kuna Mjerumani mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp, alikuwa anazunguka msituni miaka na miaka anahesabu miti. Yeye akaja na habari ambayo haina picha nzuri: maji ya Wachaga hayategemei sana barafu, yanategemea msitu. Ile miti ya juu inachana ukungu kama kitana, ukungu unadondoka, unaingia ardhini. Hali ya hewa inapozidi kukauka moto unapanda juu zaidi, unaula ule msitu wa juu, na maji yanayopotea hapo ni mengi kuliko yote yanayotoka kwenye barafu. Sasa wewe ungekuwa waziri una hela ya jambo moja, ungeweka wapi? Huwezi kufunika barafu kwa blanketi. Moto unaweza kuuzuia. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya taifa ulipanuliwa ukaingiza na ule msitu, na moto wa 2020 na wa 2022 mliona wenyewe kwenye simu watu wanavyohangaika na matawi ya miti mkononi. Utafiti umeshasema adui yuko wapi. Je, ndoo, magari na watu wako hapo? Naliacha hivyohivyo.

Narudi nyumbani, maana naona kuna mzee anataka kuuliza na najua swali lake. "Mnasema ukame, mbona ziwa limepanda limeingia sebuleni kwangu?"

Ni kweli. Kuanzia mvua za mwisho wa 2019 ziwa lilipanda, 2024 likapanda tena, huku kwetu mwambao ukaliwa, na ndugu zetu wa Gatumba kule Burundi wakahama na magodoro kichwani. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na hata huo hautoi sana, maji mengi yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi misimu miwili mitatu ziwa halina pa kukimbilia. Na mvua za 2019 zilitoka wapi? Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu yanakuja kwetu. Hiyo tabia ya bahari kubadilishana joto kama watu wanaobadilishana mto wa kulalia ilikuja kuelezwa vizuri na watafiti mwaka 1999 tu, juzi juzi, na sasa TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wakikutangazia utabiri wa msimu wa Novemba mpaka Aprili wanakuwa wameangalia hiyo bahari kwanza.

Wanakosea? Wanakosea. Afrika Mashariki ni pagumu, mpaka wataalamu wana fumbo lao: modeli za kompyuta zinasema mvua zitaongezeka, wakati vipimo vya masika kwa miongo kadhaa vilikuwa vinaonyesha kupungua. Fumbo halijaisha. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokuwa kinakuja Mafia, TMA walitangaza siku kabla, boti zikazuiwa. Mwaka 1952 kimbunga kilipopiga Lindi nani aliwaambia? Hakuna.

Na wazee msidhani mmesahauliwa. Dokta Ladislaus Chang'a, mkuu wa TMA sasa na mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, lile jopo la dunia la tabianchi, kabla ya hapo aliandika utafiti wa mwaka 2010 pamoja na Profesa Pius Yanda na mwenzao kuhusu wakulima wa Rungwe na Kilolo wanavyotabiri mvua kwa miti, ndege na wadudu. Mtu wa satelaiti alikwenda kumuuliza bibi kuhusu mti unavyochanua! Kwa hiyo ukimwona kijana na kishikwambi anakuuliza habari za kusi usimfukuze.

Na hizi namba zinakwenda wapi zikishatoka hapa? Kuna makaratasi mawili. Moja ni Mkakati wa Taifa wa mabadiliko ya tabianchi wa 2021 hadi 2026, ofisi ya Makamu wa Rais. Lingine ni ahadi yetu chini ya Mkataba wa Paris, ambapo Tanzania imesema itapunguza hewa chafu kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo tusingefanya chochote. Asilimia ya nini? Ya namba. Bila namba ya kuanzia hiyo ahadi ni maneno ya harusini.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, Kenya, hili wamelielewa mapema. Pale watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akina Dokta James Kairo, walikaa miaka wanapanda mikoko, wanapima unene wa shina, wanachoma bomba kwenye tope kujua mizizi imeficha hewa ukaa kiasi gani. Tope linanuka yai viza, ukitoka hapo hata mkeo hakupokei. Lakini kwa sababu ya ile hesabu, tangu 2013 kijiji kinauza hewa ukaa ya hekta 117 za mikoko, yaani kinalipwa kwa kuitunza mikoko iendelee kuificha, hela ikaleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na mikoko ikaingia kwenye ahadi ya taifa la Kenya ya mwaka 2020. Tope la kijiji likafika meza ya mazungumzo ya dunia. Sisi tope tunalo. La kwetu limeshasema habari za miaka mia mbili na haijaingia hata thumni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimemwona, namalizia.

Nina mambo mawili ya kuomba. Kwanza, wachuuzi wa zamani, kama marehemu mzee alikuwa anaandika mauzo ya dagaa kwenye daftari, mwezi fulani magunia kadhaa, bei kadhaa, hilo daftari usilifungie vitumbua. Tuletee tulipige picha, linarudi kwako siku hiyohiyo. Juzi nimeletewa moja lina madoa ya mawese kila ukurasa na tunalisoma vizuri tu.

Pili, kesho saa kumi na mbili asubuhi tunashuka ziwani na hii sahani na kipima joto cha kamba, mtumbwi una nafasi nne, majaketi ya kuokolea yapo manne, kwa hiyo msije watano. Walimu leteni mwanafunzi mmoja anayejua kuhesabu fundo bila kuruka. Na mzee wangu hapo mbele, naomba sahani yangu, naona umeshaanza kuiwekea kikombe.